Kumcheza mtu shere: hiyo shere ni nini, na ilitoka wapi?

#1 Dalali wa Maneno
Wakuu, salama.

Jumamosi nilikwenda dukani na mwanangu wa miaka sita. Muuza duka wetu ni mzee mpole, anavuta maneno, na kila akimaliza kusema anakohoa kidogo. Tumetoka, hata hatua tatu hatujapiga, mtoto akaanza: "Kaaribu teena, khm." Sauti ile ile, kikohozi kile kile, mkono kauweka kiunoni kama mzee. Jirani yetu mmoja, mama wa Kitanga, alikuwa anapita. Akamshika sikio: "We! Mtu mzima hachezwi shere!"

Jioni nikasoma habari za mpira: mabeki "walichezwa shere". Hapo hakuna aliyemuiga beki. Walipigwa chenga, wakabaki wanaangalia nyasi.

Nikafungua kamusi. Inaishia kwenye mzaha na dhihaka, basi. Sasa naomba wajuzi: shere ni kumuiga mtu ili achekwe, ni kumdhihaki kwa namna yoyote, au ni kumzuga? Na neno lenyewe ni la nani? Kila nikilivuta mkia halitoki shimoni.

#2 Mla Mihogo
Naweka kiti hapa. Mwenye kahawa asisahau kashata.

#3 Mwana wa Kibokoni
Mimi ni wa Mombasa. Kwetu mtu akisema "yuwanicheza shere" maana yake yuwanifuatiza: nasema neno, naye alirejea kwa kubana pua, nenda, naye aja nyuma apiga mwendo wangu. Akinitukana tu, hiyo si shere, ni matusi. Akinidanganya, ni urongo. Hao wa magazeti ya mpira wamelichukua neno bila ya kuuliza bei.

#4 Kipanga wa Kariakoo
#3 kaka, lugha haina hati miliki. Uwanjani ukimpiga mtu kanzu, ukamsubiri arudi, ukampiga nyingine, jukwaa zima linamcheka. Si dhihaka hiyo? Tena kuna mawinga wakishampita beki wanasimama na kumuiga alivyoyumba. Wewe ungeiitaje?

#5 Mwana wa Kibokoni
Akisimama akamuiga, ni shere. Akimpita tu, ni chenga. Umejijibu mwenyewe.

#6 Tarishi
Mimi nimefundishwa kwamba shere ni sherehe iliyokatwa mkia. Mtu akichekwa na kundi, anageuzwa sherehe. "Wamemfanya sherehe." Ukisema haraka haraka unabaki na "shere". Kesi imekwisha.

#7 Lushoto Baridi
Haijaisha hata kuanza. Sherehe ina h mbele ya watu wote na hakuna anayeila. Mbona furaha haikuwa "fura"? Karaha haikuwa "kara"? Na kama sherehe ilikatwa, kwa nini nzima nayo bado ipo, tena inakula pilau kila wikendi?

#8 Ustadh wa Mtaa wa Pili
Ndugu zangu, sherehe ina safari ndefu kuliko anavyodhani #6. Asili yake Kiarabu, sharh, kufafanua. Ndiyo maana vitabu vyetu vya riwaya na ushairi nyuma vina ukurasa umeandikwa "Sherehe": hapo hakuna ngoma, ni maana za maneno magumu. Na mzizi huo huo unabeba kukunjua kifua. Sura ya 94 katika Qur'ani, Al-Inshirah, inaanza kwa kumuuliza Mtume kama hakukunjuliwa kifua chake. Kifua kikikunjuka, furaha. Furaha ikitoka nje, sherehe. Njia hiyo naiona. Lakini ya kutoka kwenye furaha hadi kumkebehi mzee wa dukani siioni, labda mtu anionyeshe daraja.

#9 Mla Mihogo
Daraja: anayecheka kifua kimemkunjuka, anayechekwa kimembana. Nipeni shahada yangu.

#10 Bint Mwera, Maskati
Asalaam alaykum. Mie mzaliwa wa Unguja, nnakaa Oman mwaka wa kumi na nne huu. Hapa watu wakikufanyia mzaha utasikia maskhara. Hilo ndilo lililotupa sisi "masihara": kha ikalainika ikawa ha. Mzizi wake ni sin, kha, ra, na humo humo imo sukhria, yaani dhihaka. Sasa chukueni masihara, toeni ile ma ya mbele. Inabaki "sihara". Sihara, sehere, shere. Hamuoni?

#11 Tarishi
Hiyo imekaa vizuri kuliko yangu, nakubali kwa shingo upande.

#12 Lushoto Baridi
Bi Mwera, kwa heshima zote: s na h zikikaa pamoja kwenye karatasi zinafanya sh kwa sababu ya hati hii ya Kizungu tuliyopewa. Mdomoni sh ni sauti moja, si s iliyopanda mgongoni mwa h. Aliyesema "sihara" hakujua kwamba siku moja mmisionari atakuja kuandika sh.

#13 Bint Mwera, Maskati
Nlijua utakuja na hilo. Lakini bibi zetu waliandika kwa herufi za Kiarabu kabla ya hao wamisionari. Sini na shini ni herufi moja kwa umbo, tafauti ni nukta tatu juu. Na tenzi za zamani, kalamu ya mwandishi ikichoka, nukta zinarukwa.

#14 Ustadh wa Mtaa wa Pili
Nukta kurukwa ni kweli, nimeona hati za namna hiyo. Ila mtu hupotea nukta anaposoma asilolijua. "Shere" ni neno la jikoni na barazani, watu wamelipokea kwa masikio. Sikio halisomi nukta. Nakupa nusu, Bi Mwera.

#15 Bint Mwera, Maskati
Nusu nimepokea. Shukran.

#16 Somo wa Temeke
Wanaume mmeshika nomino mnaivuta huku na huku, kitenzi mmekiacha mlangoni. Kwa nini ni KUCHEZA shere? Dhihaka huwezi kuicheza. Kejeli huwezi kuicheza. Hakuna anayesema "nimemcheza kebehi".

Kuna vitu vya aina mbili vinavyochezwa. Mchezo: bao, karata, foliti. Na ngoma. Sasa tazameni mtu anavyoingia pale katikati: "kumcheza mtu shere". Mtu ndiye anayechezwa. Wapi pengine mtu anachezwa? Kwenye unyago! Tunamcheza mwali. "Fulani amechezwa", kila mtu pwani anaelewa maana yake. Mwali akitoka bado ana tabia mbovu, wanawake wanasema hakuchezwa akachezeka.

Na waliokaa ndani wanajua, siri sitoi: sehemu kubwa ya mafunzo ni kuiga. Kungwi anakuigizia mke mvivu anavyoamka, mume mlevi anavyorudi, wifi anavyochungulia sufuria. Mnacheka mpaka mbavu zinauma, na somo limeingia. Ndiyo maana nasema shere ilikuwa jina la ngoma au la mchezo wa namna hiyo. Ngoma imekufa, jina limebaki kwenye msemo.

#17 Kipanga wa Kariakoo
Mama umetisha. Uzi ufungwe.

#18 Lushoto Baridi
Usifungwe. Hoja ya kitenzi ni nzito, nimekaa nayo dakika nzima. Lakini naona wengi wanasema "kumchezea shere", si "kumcheza shere". Ukiwa na "chezea", ule unyago unaondoka. Inakuwa kama kumchezea mtu rafu. Pili, hiyo ngoma ilichezwa wapi, na nani, kwa ngoma ngapi? Lelemama tunayo, msewe tunao, vugo tunayo, chakacha tunayo. Shere nani aliiona?

#19 Somo wa Temeke
"Kumchezea" wanasema watoto wa juzi. Uliza wazee. Na wewe ngoma ngapi zimekufa hukuziona?

#20 Lushoto Baridi
Nyingi. Lakini kutoonekana hakuwezi kuwa ushahidi wangu wala wako.

#21 Kinyago Hakinitishi
Nikiongeza kwa Somo. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Kwetu mapiko, ile ngoma ya kinyago cha kuvaa kichwani, haikuwa ya mizimu peke yake. Kuna vinyago vya Mwarabu mwenye ndevu, vya Mzungu mwenye pua ndefu, na mchezaji anatembea kama yeye, anageuza shingo kama yeye. Kijiji kizima kinacheka, na mwenyewe akipita hajui kama anachekwa yeye. Hiyo nayo ni kumcheza mtu kwa maana ya #16 kabisa. Jina la shere kwetu hakuna, lakini kazi yake ipo.

#22 Mwana wa Kibokoni
Na ngoma ya beni mwaisahau? Ilianza huku kwetu pwani ya Kenya miaka ya 1890, jina lenyewe ni neno la Kiingereza, band, lililotiwa i. Watu walivaa magwanda, wakapiga gwaride, wakapeana vyeo vya kingi na jenerali. Kisha ikashuka na askari na makarani hadi Dar es Salaam na Tabora, makundi yakishindana, Marini huku, Arinoti kule. Hadi leo wataalamu wagombana: wale walikuwa wampenda Mzungu wamuiga, au wamcheza shere?

#23 Ustadh wa Mtaa wa Pili
Nadhani yote mawili kwa wakati mmoja. Babu yangu mzaa mama alikuwa na picha amevaa kofia ya kijeshi na hakuwahi kuwa askari. Ukimuuliza anacheka, hajibu.

#24 Nyumbu Mpole
Nairobi hapa. Kizazi changu kilijifunza hii kitu kwa televisheni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachekeshaji wa Redykyulass walipotoka, mmoja wao, Nyambane, akafungua mdomo ikatoka sauti ya Rais Moi, baba yangu alisimama akapunguza sauti ya tivi, akaenda kufunga pazia. Kweli! Alikuwa anacheka huku anafunga pazia. Halafu hao hao wakaanzisha XYZ ya vikaragosi.

#25 Tarishi
Sahihisha hapo mwisho mkuu. XYZ ni ya 2009 na nyuma yake ni Gado, mchora katuni, mtoto wa Tanzania. Redykyulass ni watu wengine. Vikaragosi vile wazo lake walilichukua kwenye kipindi cha Wafaransa.

#26 Nyumbu Mpole
Nimesimama kusahihishwa. La, nimekaa, lakini nimesahihishwa. Asante.

#27 Mla Mihogo
Huku Bongo tulikuwa na Ze Comedy, baadaye Ze Orijino Komedi. Hiyo "Ze" peke yake ni shere tosha: wanamuiga Mbongo anayeiga Mwingereza. Joti akivaa gauni na kanga alikuwa anamcheza shere mama yangu mkubwa, na mama mkubwa mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kukaa mbele ya tivi.

#28 Kasapa
Niko Lubumbashi. Huku shere hatuijue. Tunasema "anamuseka", ile cheka yenu sisi ni seka. Mutu akimufwata mwenzake namna anatembea, njo kumuseka vilevile. Lakini tuko na teatre ya zamani, Mufwankolo, ile ilikuwa inaonyesha watu wa mugini namna beko, na watu walikuwa naipenda mingi.

#29 Dalali wa Maneno
Asante ndugu Kasapa. Hiyo inanisaidia: kama shere haikuvuka kwenda Kongo na misafara, basi ama ni neno la pwani tupu, ama lilichelewa kuzaliwa.

#30 Lushoto Baridi
Ama lilidondoka njiani. Misafara ilidondosha mengi.

#31 Kigugumizi Mstaafu
Niseme langu. Mimi nilikuwa na kigugumizi kikali hadi kidato cha pili. Shuleni darasa zima lilikuwa linaniiga, na mwalimu mmoja, simtaji, alikuwa akiita jina langu kwenye mahudhurio kwa kuligawanya vipande vipande, "A-a-a-a..." Darasa linaanguka. Nyumbani bibi aliniambia neno moja: "Wanakucheza shere kwa sababu hawana lao." Na akawaonya binamu zangu kwamba ukimuiga mwenye kigugumizi, kinakuhamia wewe.

Mnaweza kucheka, lakini mmoja aliyekuwa fundi wa kuniiga kilimhamia muda wa muhula mzima. Mimi kikapungua, yeye kikamshika. Sisemi ni kwa nini.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwa bibi yangu shere haikuwa utani. Utani alikuwa na neno lake.

#32 Kipanga wa Kariakoo
Pole sana mkuu. Sisi tuliambiwa ukiiga makengeza upepo ukikupitia unabaki hivyo hivyo. Nilifanya mbele ya kioo dirisha likiwa limefungwa.

#33 Mtani wa Mzaramo
#31 umegusa penyewe. Mimi Msukuma. Wazaramo wananiiga l na r tangu nimefika Dar: "Lafiki yangu, leta mchele na halage." Siumii, kwa sababu ni watani wangu, tangu enzi za mababu zetu na Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo. Nami nina yangu ya kuwarudishia, tena mengi.

Lakini utani wenye kuiga mkali kuliko wote ni wa msibani. Alipofariki baba mkubwa, mtani alikuja akavaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wake ule wa goti bovu, akawa anadai watu madeni. "Wewe, ile mbuzi yangu iko wapi?" Mjane alikuwa analia, akacheka, akalia tena. Mtani akaenda akalala mbele ya kaburi, akasema hatoki mpaka apewe chochote. Akapewa.

Sasa niambieni, mwenye koti lile alimcheza shere marehemu?

#34 Mwana wa Kibokoni
Kwa maana ya mwili, ndiyo, alimuiga ili watu wacheke. Kwa maana ya moyo, hapana.

#35 Somo wa Temeke
Ndiyo. Na koti, fimbo, goti: amemcheza. Nimesema tangu #16, neno ni la mwilini, la mdomoni lilikuja baadaye.

#36 Ustadh wa Mtaa wa Pili
Mimi nasema hapana. Shere lazima imshushe mtu. Yule mtani hakumshusha marehemu, alimrudisha dakika mbili.

#37 Lushoto Baridi
Ustadh leo umeamka na ushairi. Lakini tuangalie na jamaa zake shere. "Kuiga" haina ubaya, mtoto anamuiga baba. "Kuigiza" wazee waliitumia pia kwa kubeza, "usiniigize", leo mwigizaji anapewa tuzo. "Kugeza" ilikuwa kufananisha au kunakili, leo imebaki kigezo, na kigezo kimeshakuwa neno la ofisini, kinavaa tai. Naona maneno yetu ya kuiga yanaanza mtaani yakiwa na meno, yakizeeka yanapata kazi serikalini. Shere ndiyo iliyokataa kuajiriwa.

#38 Mla Mihogo
Kigezo kinavaa tai! Nimemwaga chai.
Halafu jamani ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Hapo aliyechezwa shere ni nani, tembo au mwenye msamba?

#39 Nyumbu Mpole
Msamba.

#40 Bint Mwera, Maskati
Mie bado nashikilia masihara yangu. Ila #16 kanitia wasiwasi. Nimempigia shangazi yangu kule Ng'ambo, Unguja, nimemuuliza umepata kusikia ngoma inaitwa shere? Kasema hajapata. Nikamuuliza "kumcheza" au "kumchezea"? Kasema "kumcheza", bila ya kufikiri.

#41 Somo wa Temeke
Aaa! Nusu nyingine hiyo hapo, nipeni mimi.

#42 Tarishi
Na hakuna aliyefikiria kwamba labda neno halikutoka popote? "Cheza shere", cheza, shere, irabu ile ile mwanzoni, ulimi unateleza wenyewe. Watoto wanatunga maneno kila siku. Moja moja yanabaki.

#43 Lushoto Baridi
Ya kwako ya pili leo, Tarishi. Hii ndiyo siwezi kuipinga, na ndiyo maana siipendi.

#44 Dalali wa Maneno
Wakuu nimerudi. Nimemfuata yule jirani wa Kitanga leo asubuhi, nikamsalimia, nikamweleza kwamba watu wa nchi nne wanabishana juu ya neno lake. Nikamuuliza, "Mama, hivi shere ni nini hasa?" Akaniangalia. Akaweka beseni chini. Akasema, kwa sauti yangu kabisa, na miwani ya hewa akaisukuma juu ya pua kama ninavyofanya: "Mama, hivi shere ni nini haaasa?" Wanawake wote bombani wakaanguka kicheko.

#45 Kipanga wa Kariakoo
Umechezwa mkuu. Na chenga juu.

#46 Somo wa Temeke
Ngoja. Alisimama tu, au alicheza na mwili?

#47 Dalali wa Maneno
Mkono, sauti, na shingo kidogo.

#48 Lushoto Baridi
Shingo haihesabiki kuwa ngoma.

#49 Somo wa Temeke
Wewe hujaona shingo ya Kitanga.